Anayetafuta Kifaa Ameazima

Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji) toleo la 6.14 ilitoka Machi 2025 ikiwa na kundi la viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo, ambavyo hakuna gazeti lingevipa hata mstari. Vilihusu kitendakazi (kipande cha msimbo chenye kazi moja) kiitwacho device_find_child, ambacho humtafutia draiva, programu inayoendesha kifaa, mtoto mmoja miongoni mwa watoto wa kifaa kikubwa. Ukivitazama juu juu, badiliko lenyewe ni neno moja tu: data inayotumika kulinganisha imewekewa const, yaani anayeipokea haruhusiwi kuibadilisha. Katika pilkapilka hizohizo, kitafutaji cha mtoto kwa jina kikafupishwa, kikaacha kuzunguka orodha chenyewe na kuikabidhi kazi ile njia ya pamoja. Vijana wa programu ninaozungumza nao hapa Nakuru na kule Kisumu wana maoni ya aina mbili kuhusu viraka kama hivi. Wapo wanaosema ni kufagia ua: msimbo ulikuwa unafanya kazi, kwa nini uguswe? Na wapo wanaoviona kama njia ya panya ya kupata jina. Tafuta mahali msimbo unajirudia, kata mistari kumi, tuma, kisha weka kwenye wasifu kwamba umechangia Linux.

Makundi yote mawili yanafanya kosa lilelile, la kuhesabu mistari. Ninachoshikilia ni kwamba kitafutaji hakiwi rahisi kwa kuwa kifupi. Kinakuwa rahisi swali la "ndicho hiki?" linapoulizwa kwa namna moja kila mahali, na anayepewa kifaa anapoona bila kuambiwa kwamba ameazima na atatakiwa kurudisha. Tangu 2019 kerneli imepiga hatua kubwa katika la kwanza. Katika la pili bado inajikwaa, na pengine ufupi wenyewe umeongeza kujikwaa huko.

Kwa asiyeishi humo, mambo yako hivi. Tangu Linux 2.6 ya Desemba 2003, kila kifaa kina kumbukumbu yake ndani ya kerneli na kina mahali pake katika mti mmoja mkubwa, ambao unaweza kuuona ukifungua saraka ya /sys. Kifaa huning'inia kwenye basi lake (si la kwenda Busia, ni njia ambamo vifaa vya jamii moja hujiorodhesha, kama PCI, USB au I2C), kinaweza kuwa ndani ya tabaka la matumizi, na kinaweza kuwa kimeshikwa na draiva. Mara nyingi draiva moja haiwezi kazi bila kifaa cha jirani. Draiva ya HDMI, kwa mfano, huhitaji adapta ya I2C ili kuisoma skrini na kujua inakubali picha za ukubwa gani. Hapo ndipo kitafutaji kinapoitwa. Kile cha msingi, bus_find_device, hupewa basi, mahali pa kuanzia, data, na kitendakazi kidogo nitakachokiita kilinganishi. Hupita orodha kifaa baada ya kifaa kikimwuliza kilinganishi kama ndicho. Kikijibiwa ndiyo, huongeza moja kwenye hesabu ya walioshika kifaa hicho, kisha hukikabidhi. Iweke akilini hiyo "huongeza moja", kwa sababu nusu ya makala haya iko humo.

Kwa miaka mingi kila mwenye draiva alijiandikia kilinganishi chake. Kulinganisha nodi ya mti wa vifaa (device tree, maelezo ya vifaa vya ubao ambayo kerneli huyasoma inapowaka) na nodi ya kifaa ni kazi ya mstari mmoja, na mstari huo uliandikwa upya katika draiva moja baada ya nyingine, kila mara kwa jina jipya. Aliyewahi kununua mahindi katika soko la Kibuye ataelewa haraka. Gorogoro ni mkebe wa takriban kilo mbili, na kila muuzaji ana wake. Upo ambao kitako chake kimebonyezwa ndani. Muuzaji hakudanganyi kwa maneno, anakupimia tu, na wewe huwezi kusema kitu mpaka uweke gorogoro mbili pamoja. Mwaka 2019 Suzuki K Poulose wa Arm alileta gorogoro moja kwa soko zima: vilinganishi vya pamoja vya kutafuta kwa jina, kwa nodi ya mti wa vifaa, kwa fwnode (nodi ya jumla ya maelezo ya firmware), kwa namba ya kifaa na kwa rekodi ya ACPI (majedwali ya vifaa yanayotolewa na firmware ya kompyuta). Vikaingia katika matoleo ya 5.3 na 5.4, Septemba na Novemba mwaka huo.

Ili gorogoro hiyo ifae pande zote, ilibidi kwanza kuondoa kikwazo ambacho mtu angekidharau. Kitafutaji cha basi kilikuwa kikimpa kilinganishi data inayoweza kubadilishwa, ilhali kitafutaji cha tabaka kilimpa data isiyobadilishwa. Kwa tofauti hiyo ya neno moja, kilinganishi kilekile hakingeweza kutumika kwa wote wawili bila kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kukataa. Poulose akavisawazisha. Cha kutafuta mtoto kikabaki na sahihi yake ya zamani (aina za data kinazopokea) hadi Linux 6.14, zaidi ya miaka mitano baadaye.

Kwa nini miaka mitano? Hapa ndipo hoja ya "ni usafi tu" inapovunjika, na kwa kuwa ndiyo hoja dhaifu kuliko zote nitaanza nayo. Const ilichelewa kwa sababu baadhi ya vilinganishi havikuwa vikilinganisha tu. Katika msimbo wa CXL, teknolojia ya kuongeza kumbukumbu kwenye seva, kilinganishi kilichotakiwa kumpata mtoto aliye huru kilikuwa kikitumia data iliyopewa kama daftari la kuhesabia. Kilimwangalia mtoto, kama amekwisha kuchukuliwa kikapandisha namba, kikaenda kwa anayefuata, kikitegemea kwamba watoto watakuja kwa mpangilio. Katika FireWire, njia ya kuchomeka vifaa kama ilivyo USB, kilinganishi kiliulizwa kama kifaa kilichochomekwa sasa ni kilekile kilichochomolewa muda mfupi uliopita, na papo hapo kikabadilishana kumbukumbu kati ya cha zamani na kipya. Umemtuma mtu akaangalie kama mlango umefungwa, naye amerudi akiwa amehamisha samani. Sehemu hizo zilibidi ziandikwe upya kabla neno moja halijaongezwa. Anayesema kiraka cha const hakibadilishi kitu hajauliza nini kilimzuia mtu kukiongeza mapema. Kompaila sasa inamkatalia yeyote anayetaka kufanya kazi ya pembeni ndani ya swali la ndiyo au la, na ulinzi huo hauonekani ukihesabu mistari iliyopungua.

Kuna hoja nyingine nyepesi, kwamba kupitia orodha nzima kwa njia ya pamoja kunapunguza kasi. Utafutaji huu hufanyika kifaa kinapowashwa au kuchomekwa, si kila pakiti ya mtandao inapopita. Tuiache hapo.

Hoja zinazostahili heshima ni mbili. Ya kwanza ni ya walio nje ya mti mkuu wa msimbo. Kerneli haiahidi kwamba vitendakazi vyake vya ndani vitabaki vilevile. Greg Kroah-Hartman, anayetunza msingi wa draiva, ameieleza sera hiyo kwa urefu katika nyaraka za kerneli: anayebadilisha sahihi ya kitendakazi hurekebisha watumiaji wote walio ndani, na aliye nje atajua mwenyewe. Sera hii ni ya haki ukiwa ndani. Lakini vifaa vingi vinavyofika kwenye meza za mafundi wetu, kuanzia mbao ndogo za kompyuta na visanduku vya kamera hadi ruta, huja na kerneli ya mtengenezaji, mara nyingi ya jamii ya 4.19 ambayo ilifikia mwisho wa kutunzwa Desemba 2024. Mwanafunzi wa Maseno au wa Masinde Muliro akichukua draiva ya wakati huo na kuipeleka kwenye kerneli ya leo, kilinganishi chake cha void, yaani chenye data isiyo na const, kitakataliwa na kompaila. Nimeona wanachofanya: wanalazimisha aina kwa kuweka mabano, kompaila inanyamaza, wanashangilia. Kwenye kerneli iliyojengwa kwa kompaila ya Clang ikiwa na ulinzi wa CFI (unaozuia kitendakazi kuitwa kwa njia isiyotarajiwa), kama zilivyo za simu nyingi za Android, aina ya kitendakazi hukaguliwa wakati kinapoitwa. Kwa hiyo kile ambacho kompaila ilinyamazishwa kisiseme, kerneli itakisema kwa kuanguka. Gharama ya mabadiliko haya ipo, na wanaoilipa ni watu walio mbali na orodha za barua za watunzaji. Sisemi yasifanywe. Nasema anayedai hayamgharimu mtu hajawahi kuhamisha draiva ya mtu mwingine.

Ya pili ni wingi wa majina. Vilinganishi vitano, mara mahali patatu pa kutafuta (basi, tabaka, draiva), ni vitafutaji 15, na hapo hujagusa vile vya "kifaa kinachofuata". Je, ni urahisi huo, au ni kuhamisha mrundikano kutoka draiva hadi kwenye faili ya vichwa, ile inayotangaza vitendakazi? Nimebadilisha mawazo juu ya hili. Zamani ningesema majina machache ni bora. Sasa naona kwamba majina 15 yanayofuata mpangilio mmoja humchosha msomaji kidogo kuliko majina mia yasiyofuata chochote. Mtu akijua kipande cha mbele ni mahali pa kutafuta na kipande cha nyuma ni kigezo, amejua yote. Tatizo la majina haya liko kwingine. Liko katika kitenzi.

Wote hao wanasema find. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba amekushikisha kitu. Kwa Kiswahili ni kana kwamba umemwuliza jirani, "Umeliona jembe lako?" akakuletea mkononi, akaandika daftarini kwamba unalo. Wewe uliuliza tu, yeye ameazimisha. Usipomrudishia, kwake jembe bado liko nje, na hawezi kuliuza wala kulitupa. Katika kerneli kurudisha ni kuita put_device. Ukisahau, hesabu ya walioshika haitafika sifuri kamwe, na kumbukumbu ya kifaa kilichokwisha kuchomolewa itaendelea kukaa.

Ajabu ni kwamba kerneli yenyewe iliwahi kulijua jambo hili na kulitatua kwa jina. Upande wa PCI palikuwa na pci_find_device, ambacho kilikupa kifaa bila kuongeza hesabu. Vifaa vya kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa hai vilipozoeleka, hilo likawa hatari, kwa kuwa unaweza kuwa unakisoma kifaa ambacho kimeondolewa. Kikaletwa pci_get_device, kinachoongeza hesabu, na cha zamani kikafutwa kabisa. Huko, basi, find ilikuwa ya kutazama na get ni ya kuazima. Vuka uende upande wa mabasi ya jumla, find ni ya kuazima. Nenda I2C utakuta viwili vimesimama bega kwa bega: of_find_i2c_adapter_by_node, ambacho deni lake hulipwa kwa put_device, na of_get_i2c_adapter_by_node, ambacho deni lake hulipwa kwa i2c_put_adapter. Halafu kuna mahali pa kuanzia. Ukimpa pci_get_device kifaa cha kuanzia, chenyewe hukiachilia kile cha zamani kwa niaba yako. Vitafutaji vya nodi, mfano of_find_node_by_name, hufanya hivyohivyo. Bus_find_device hagusi. Mwenye mazoea ya upande mmoja akihamia mwingine atasahau kulipa au atalipa mara mbili, na kulipa mara mbili huku ni kubaya zaidi, maana kifaa kinaachiliwa mtu mwingine akiwa bado anakitumia.

Kwamba wasahaulifu ni wengi si dhana yangu. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna saraka ya hati za Coccinelle, zana iliyotokana na utafiti wa Inria nchini Ufaransa, inayosaka mifumo ya makosa katika msimbo wa C. Moja ya hati hizo imeandikwa kwa kazi moja pekee: kuwatafuta walioita of_find_device_by_node wakasahau put_device. Kitendakazi kimoja kimeandikiwa polisi wake. Na kitendakazi hicho siku hizi, ukikifungua ndani, ni mstari unaoita bus_find_device_by_of_node kwenye basi la platform, la vifaa visivyojitambulisha vyenyewe. Kimerahisishwa vizuri kabisa. Polisi bado yuko kazini.

Nililiona jambo hili kwa karibu hapa Nakuru. Kijana mmoja alikuwa anaunganisha vihisi vya joto kwa ajili ya tangi la kupozea maziwa, akitumia adapta ndogo ya I2C inayochomekwa kwenye USB. Moduli yake ilimtafuta adapta kwa jina kwenye basi la I2C, mstari mmoja safi, na vihisi vikasoma bila shida. Shida ilikuja alipoichomoa adapta. Kompyuta haikuanguka, ila kuanzia hapo ukichomeka kitu kingine upande uleule, hata kipanya, hakikuonekana. Alibadilisha nyaya, akabadilisha adapta, akaulaumu umeme. Kumbe msimbo wa I2C, unapoondoa adapta, husubiri mpaka kila aliyeishika aiachilie. Moduli yake ilikuwa imeishika na haikuwa na mpango wa kuiachilia, kwa hiyo mfanyakazi wa USB aliyekuwa anashughulikia uchomoaji alisimama pale akingoja mdeni asiyejua anadaiwa, na foleni ya nyuma yake ikasimama naye. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza mtu ajue anadaiwa, na katika ule mstari mmoja safi hakuna herufi iliyomwambia.

Watetezi wa ufupi watasema jibu limekwisha kupatikana. Tangu Linux 6.5 ya Agosti 2023 kerneli ina utaratibu wa kusafisha kwa hiari yake: unatangaza pointa (anwani ya kitu ndani ya kumbukumbu) ukaiwekea alama, na ikitoka nje ya mabano yake, yaani kipande cha msimbo ilimotangazwa, put_device huitwa bila wewe kukumbuka. Ni hatua nzuri, na kwa anayetafuta kifaa, akakisoma, akamalizana nacho katika kitendakazi kilekile, ningependekeza hivyo leo. Lakini watunzaji wa mitandao wameandika katika mwongozo wao kwamba hawapendi alama hiyo itumike moja kwa moja ndani ya draiva zao, na siwaoni kama wazee wakaidi. Draiva nyingi hazimalizani na kifaa ndani ya mabano. Huhifadhi pointa na kuitumia kwa saa au siku. Hapo alama haisaidii kitu mpaka uamue deni linahamia kwa nani, na uamuzi huo hauwezi kuachiwa kompaila.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kupitia kiraka cha kurahisisha kitafutaji, siangalii idadi ya mistari iliyoondolewa. Naangalia kama kilinganishi cha zamani kilikuwa kikifanya kazi ya siri ambayo kipya hakifanyi, kwa maana hapo kiraka si usafi tena, kimebadilisha tabia. Naangalia kila njia ya kutoka baada ya kutafuta, hasa zile za makosa, ambako watu hurudi mapema wakiwa na jembe begani. Na kama kiraka kinaleta jina jipya, nataka jina lenyewe liseme kwamba ni mkopo, hata likiwa refu. Vyuo vyetu vinavyofundisha mifumo ya uendeshaji vingefanya vyema kumpa mwanafunzi kitafutaji kimoja na kumwambia atafute waitaji wake wote ndani ya kerneli, aandike nani alirudisha na nani hakurudisha. Hilo lingemfundisha zaidi ya kutuma viraka kumi vya kufupisha, na watunzaji wangempokea kwa mikono miwili, kwa sababu kinachowachosha ni viraka vya mistari mitatu kutoka kwa mtu asiyeweza kujibu swali la pili.

Yule kijana wa maziwa alirudi wiki iliyofuata na kiraka. Alikuwa ameongeza put_device mara tu baada ya kutafuta, mstari unaofuata kabisa, na kweli uchomoaji haukukwama tena. Nikamwuliza pointa ameihifadhi wapi. Akanionyesha: ndani ya muundo wa draiva yake, ambako vihisi vinaisoma kila sekunde mbili. Basi alikuwa amerudisha jembe na bado analima nalo, na safari hii adapta ikichomolewa kumbukumbu itakuwa imeachiliwa kweli, naye atakuwa anasoma joto la maziwa kutoka mahali pasipo na kitu. Tulikaa hadi jioni tukiusogeza ule mstari mmoja kutoka pale ulipokuwa hadi kwenye kitendakazi cha kuaga, kisha tukaanza kubishana ni nani atakayeambia draiva kwamba wakati wa kuaga umefika.